Kusafiri kwa Ndege na Dawa za Ugonjwa wa Sukari

Huenda mwingine akiona kichwa cha somo hili atacheka na kusema, "Ndege? Sisi ambao hata nauli ya matatu ya kwenda kliniki ni shida?" Ngoja kwanza. Siku hizi ni vigumu kupata kijiji ambacho hakina mtoto aliye nje. Kuna wauguzi wetu Uingereza, kuna Wakenya wengi huko Minnesota na Texas, kuna vijana wanaofanya kazi Qatar, Saudia na Falme za Kiarabu. Mtoto akishajipanga kidogo, jambo la kwanza ni kumwita mama aje amwone mjukuu. Wengine wanapelekwa India kwa matibabu. Na kati ya wazee hao wanaosafiri wako wenye ugonjwa wa sukari, ambao kila siku lazima wadungwe insulini au wameze vidonge.

Tena mengi ya somo hili yatamfaa hata yule ambaye hatapanda ndege maishani, bali anatoka Kisii au Kakamega kwenda Nairobi kwa basi la usiku. Dawa ni ile ile, joto ni lile lile.

Jambo ambalo tungependa kila mwanakikundi alishike ni hili: dawa ya sukari haitengani na mwenyewe. Inakaa kwenye begi dogo la mkononi, begi ambalo mgonjwa analiona na kuligusa tangu anapotoka nyumbani hadi anapofika. Haiingii kwenye sanduku kubwa linalopelekwa tumboni mwa ndege.

Kwa nini si kwenye sanduku?

Watu wengi wanapofunga mizigo hufikiri kwamba kitu cha thamani ni lazima kifichwe katikati ya nguo, ndani kabisa ya sanduku, mahali ambapo hakiwezi kuvunjika. Kwa sufuria ya udongo hiyo ni akili. Kwa insulini ni hatari, na sababu ni mbili.

Ya kwanza, sanduku linaweza kupotea au kuchelewa. Mama anabadilisha ndege Doha au Amsterdam, yeye anaendelea na safari, sanduku linabaki. Litaletwa kesho, pengine kesho kutwa. Nguo zinaweza kungoja, insulini haiwezi. Mtu wa aina ya kwanza ya kisukari, yaani yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akikosa dawa hata siku moja anaweza kuanza kutapika, kupumua kwa nguvu na kupoteza fahamu. Sasa fikiria hayo yanampata mama asiyejua lugha ya huko, katika uwanja wa ndege ambao hamjui mtu.

Ya pili ni joto na baridi. Huko chini kwenye mizigo baridi inaweza kushuka hadi karibu na kiwango cha maji kuganda. Halafu ndege ikitua, masanduku yanaweza kungoja juu ya lami, juani. Insulini haipendi hayo yote mawili.

Insulini ni kitu cha aina gani

Tuielewe kidogo hii dawa. Tangu mgonjwa wa kwanza alipodungwa huko Toronto, Kanada, Januari 1922, insulini imeokoa mamilioni ya watu, lakini tabia yake moja haijabadilika: ni protini. Ukipasha moto yai, ile sehemu nyeupe hubadilika na hairudi tena kuwa maji. Insulini nayo ikipata joto kali inaharibika hivyo hivyo, isipokuwa huwezi kuiona wazi kama yai. Na ikiganda kwa baridi inaharibika pia. Ikishayeyuka inaweza kuonekana sawa machoni, kumbe nguvu zimekwisha. Insulini iliyoganda hutupwa, hata kama ni chupa mpya.

Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, kati ya digrii 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Ile inayotumika inaweza kukaa nje ya friji, mahali penye kivuli na ubaridi, kwa muda wa karibu wiki nne. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi kwa sababu aina hutofautiana. Basi safari ya siku moja au mbili haiharibu insulini, mradi isiachwe juani au ndani ya gari lililofungwa vioo.

Hapa kuna habari ambayo inatuhusu sisi Wakenya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini kwa kutumia kiwango cha joto kilichopimwa katika kambi ya Dadaab, mahali ambapo joto hupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na yalionyesha kwamba baada ya wiki nne katika hali hiyo dawa ilikuwa bado na nguvu yake. Hii isimfanye mtu aanze kuacha dawa dirishani. Inatuonyesha tu kwamba mgonjwa asiye na friji hana haja ya kukata tamaa, na msafiri asiwe na wasiwasi kupita kiasi kama barafu yake imeyeyuka njiani.

Kabla ya kudunga, angalia chupa. Ile insulini ya kufanya kazi haraka yapasa kuwa safi kama maji ya kunywa. Ile ya mawingu, pamoja na ile ya mchanganyiko wa 70/30 ambayo wengi wetu tunapewa kliniki, huzungushwa polepole kati ya viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ukiona madonge, au chembe zimeshika kwenye ukuta wa chupa kama umande ulioganda, usiitumie.

Hesabu ya dawa

Hapa ndipo kikundi kinaweza kusaidia sana, kwa maana wazee wengi huachiwa na vijana hesabu hii na vijana wenyewe hawajui.

Tuseme mama anadunga yuniti 30 asubuhi na 14 jioni. Kwa siku ni yuniti 44. Anakwenda kukaa na binti yake siku 90. Mara 44 kwa 90 ni yuniti 3,960. Chupa ya kawaida hapa kwetu ni ya mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100, kwa hivyo chupa nzima ni yuniti 1,000. Anahitaji chupa 4. Lakini chupa inaweza kuanguka na kupasuka, au ndege ikaahirishwa, au mjukuu akazaliwa mapema na safari ikarefuka. Aongeze 2 za akiba, ziwe 6. Sindano, akidunga mara mbili kwa siku, ni 180, na aongeze chache.

Mtu anayetumia dawa kidogo asidanganyike na hesabu hii. Mzee wa yuniti 20 kwa siku ataona kwamba siku 90 ni yuniti 1,800 tu, basi chupa 2 zinatosha. Hapana. Chupa ikishafunguliwa haifai kuendelea baada ya zile wiki nne au muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, hata kama imebaki nusu. Yeye pia anahitaji chupa 4 na za akiba.

Kwa nini tunahimiza kubeba za kutosha kutoka nyumbani? Kwa sababu huko nje kumwona daktari bila bima ni gharama kubwa, hasa Marekani, na insulini nyingi haziuzwi bila karatasi ya daktari. Mtoto aliyemwalika mama anaweza kujikuta na deni ambalo hakulitarajia. Kama kikundi chenu kina mzunguko wa pesa, afadhali zamu ya mama huyo isogezwe mbele anunue dawa na vijiti vya kupimia sukari kabla ya kuondoka, kuliko pesa hizo kumfikia akiwa tayari amekwama.

Mkisafiri wawili, gawanyeni dawa: nusu kwa begi la mama, nusu kwa begi la baba, yote mawili ya mkononi. Begi moja likisahaulika, safari haijaharibika.

Barua, na lile jambo la majina

Nenda kliniki karibu mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari. Siku mbili kabla ni kuchelewa, maana daktari atahitaji nafasi ya kukupangia mambo, na karatasi zikiwa na kosa ziweze kurekebishwa. Omba barua yenye kichwa cha hospitali, sahihi, mhuri na tarehe. Iandikwe kwa Kiingereza, nchi nyingine zitaisoma. Itaje kwamba una kisukari, itaje kila dawa kwa jina lake lenyewe na kipimo chake, na iseme wazi kwamba ni lazima ubebe insulini, sindano na mashine ya kupimia sukari ndani ya ndege. Toa nakala tatu. Moja iwe na mtu unayemwendea.

Sasa majina. Kliniki nyingi za kwetu zinamjua mgonjwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au jina la ubatizo pamoja na la mume. Pasipoti nayo imefuata kitambulisho. Afisa wa forodha akiona dawa zimeandikwa jina moja na pasipoti ina lingine, ana haki ya kuuliza dawa hizi ni za nani. Kwa hivyo peleka pasipoti kliniki. Barua na lebo ya dawa zifuate pasipoti, herufi kwa herufi.

Dawa zote ziwe kwenye maboksi yake zilivyotoka duka la dawa. Ile tabia ya kumimina vidonge vyote kwenye mkebe mmoja wa peremende ili kupunguza mzigo, iacheni nyumbani. Na wanaokwenda Falme za Kiarabu wawe waangalifu zaidi. Insulini haina shida, lakini wagonjwa wa sukari wenye ganzi na maumivu ya miguu mara nyingi hupewa pregabalin au tramadol, na dawa hizo mbili ziko chini ya udhibiti mkali huko. Mtu anaweza kushikwa kwa kubeba dawa ambayo kwetu alipewa na daktari kwa njia halali. Ulizia ubalozi kuhusu ruhusa kabla ya kukata tikiti. Dawa za mitishamba nazo, za majani na mizizi, ni lazima zitangazwe forodhani ukiingia Marekani, na zinaweza kuchukuliwa. Heri usizibebe.

Siku ya safari

Anza na kusoma tikiti vizuri. Tikiti za ndege hutumia saa za kizungu za 24, na hapo watu wengi wameteleza. Ikiandikwa 00:40 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika arobaini za usiku, na usiku wenyewe ni ule wa kuamkia tarehe 15. Maana yake uwe uwanjani tarehe 14 jioni. Anayefika tarehe 15 jioni ataambiwa ndege iliondoka usiku wa kuamkia leo, na mpango wote wa dawa utavurugika pamoja na tikiti.

Wakati wa kukata tikiti, mtoto aombe msaada wa kiti cha magurudumu kama mama ana shida ya miguu au hajui kusoma. Hiyo si aibu. Anayesukuma kiti humwongoza hadi mlango wa ndege, na viwanja vingine ni vikubwa kuliko soko lote la Gikomba.

Njiani kutoka kijijini, begi la dawa likae mapajani. Usikubali kondakta aliweke juu ya keria au mbele kwenye dashibodi, ambapo jua la mchana hupiga kioo na joto linapanda haraka. Kama ni safari ndefu ya mchana, tumia chupa ndogo ya thermos yenye mdomo mpana. Isuuze kwa maji baridi, ikaushe, kisha weka chupa za insulini zikiwa zimefungwa kwa taulo dogo. Kama una barafu ya pakiti, iwe nje ya taulo. Insulini isigusane na barafu hata kidogo, tumeshaona kwa nini.

Uwanjani utakaguliwa zaidi ya mara moja. Tangu mwaka 2006, viwanja vingi vya ndege vimekuwa vikizuia abiria kubeba vitu vya majimaji vinavyozidi mililita 100, lakini dawa unayohitaji safarini huruhusiwa. Siri ni kusema mapema. Usingoje waikute. Toa begi la dawa na barua, uyaweke mbele, useme, "Nina kisukari, hii ni insulini na sindano zangu." Mwanamke au mwanaume wa ukaguzi ameona wengine wengi. Ile mashine inayopiga picha mizigo haiharibu insulini. Ukiwa na mashamshamu ya kisasa mwilini, kama pampu ya insulini, mwambie mkaguzi kabla ya kupita, na ufuate maagizo ya waliotengeneza kifaa hicho.

Wakikuambia uvue viatu, baki na soksi. Mguu wa mgonjwa wa sukari hautembei uchi, hata kwenye sakafu inayong'aa.

Ndani ya ndege

Weka begi la dawa chini ya kiti cha mbele yako. Lile kabati la juu si pazuri, kwa sababu ukizidiwa ukiwa umefunga mkanda huwezi kulifikia. Ndani ya ndege hakuna joto, insulini itakaa vizuri bila barafu. Wako wanaowapa wahudumu dawa wawawekee kwenye friji. Tunasema hapana. Inaweza kuganda, au ikasahaulika mkishuka.

Usidunge insulini ya chakula ati kwa sababu umesikia harufu ya chakula, au umeona toroli linakuja. Ndege ikipita penye upepo mbaya wahudumu huambiwa wakae, na chakula kinasimama. Ngoja sahani iwe mbele yako. Halafu dunga, halafu kula. Mashirika mengi hutoa chakula maalum cha wagonjwa wa sukari ukiagiza mapema, lakini mara nyingine kina wanga kidogo sana kwa mtu ambaye ameshadunga yuniti zake. Chakula cha kawaida, ukiacha keki pembeni, kinatosha.

Kuna jambo dogo kuhusu chupa. Nyumbani umefundishwa kuingiza hewa kwenye chupa kabla ya kuvuta dawa. Angani msukumo wa hewa ndani ya ndege ni mdogo kuliko huku chini, kwa hivyo ingiza hewa nusu tu ya ile ya kawaida. Wa kalamu wasiache sindano imefungwa kwenye kalamu, na kabla ya kudunga watoe yuniti 2 hewani ili povu litoke.

Sindano iliyotumika haiachwi kwenye mfuko wa kiti, kijana wa kusafisha ataweka mkono hapo. Beba mkebe mgumu wenye kifuniko.

Adui mkubwa wa safari ni sukari kushuka. Umeamka mapema, umetembea sana uwanjani, chakula kimechelewa. Dalili mnazijua: jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, hasira isiyo na sababu. Mashine ikionyesha chini ya 4, au hata kama huna mashine lakini dalili zipo, chukua sukari mara moja: vijiko vinne vidogo vya sukari, au nusu ya soda ya mililita 300, ile ya kawaida na si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Kama haijapanda, rudia. Ikipanda, kula kitu kama mkate au biskuti. Kwa kuwa soda unaweza kunyang'anywa kwenye ukaguzi, beba glukosi ya unga au peremende za glukosi mfukoni, mahali ambapo mkono unafika gizani.

Mwambie mhudumu wa ndege tangu mwanzo kwamba una kisukari. Mzee mwenye sukari iliyoshuka anafanana na mlevi, na mlevi hupewa nafasi alale. Huyo asilale.

Wenye kumeza glibenclamide wajue kwamba sukari yao pia inaweza kushuka, na kwa wazee ikishuka hukawia kurudi. Metformin peke yake kwa kawaida haishushi hivyo. Vidonge havisumbuliwi na safari kama insulini, humezwa na chakula kama kawaida.

Kunywa maji, na simama utembee kwenye njia ya katikati kila saa moja au mbili. Miguu huvimba ukikaa sana, kwa hivyo viatu viwe vilivyozoeleka. Viatu vipya vya safari ndivyo vinavyoleta malengelenge, na malengelenge ya mgonjwa wa sukari mnajua yanakoishia.

Saa zikibadilika

Hili ndilo gumu, nalo ndilo sababu kubwa ya kuonana na daktari mapema. Kwenda Doha au Riyadh saa ni zile zile za Kenya. Dubai ni tofauti ya saa moja, India ni saa mbili na nusu, London ni saa mbili au tatu kulingana na majira. Kwa safari kama hizo kwa kawaida mabadiliko ya dawa ni madogo.

Marekani ni jambo jingine. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto, na miji ya magharibi iko nyuma zaidi. Shirika la Kenya Airways lilianza kwenda New York moja kwa moja Oktoba 2018, safari ya kama saa 15 angani. Turudi kwa mama wetu wa yuniti 30 na 14, anayedunga saa moja asubuhi na saa moja jioni. Amedunga Nairobi jioni, akaondoka usiku. Akifika New York wakati wa baridi na kungoja saa moja asubuhi ya huko, Kenya ni saa tisa alasiri. Tangu adunge ni saa 20, si 12. Sukari itakuwa imepanda sana. Na akidunga angani ikiwa saa moja asubuhi ya Kenya, kisha adunge tena kipimo kizima saa moja asubuhi ya New York, zitakuwa zimepita saa 8 tu, na dawa mbili zitakutana mwilini.

Kurudi ni hatari zaidi. Akidunga New York saa moja asubuhi, hapo Kenya ni saa tisa alasiri. Saa moja jioni ya Kenya inakuja baada ya saa 4 tu! Akifuata saa ya ukutani bila kufikiri, atajishusha sukari akiwa usingizini juu ya bahari.

Kwa hivyo: ukienda magharibi siku inarefuka, na daktari anaweza kuongeza dawa kidogo katikati. Ukija mashariki siku inafupika, na daktari anaweza kupunguza. Ni kiasi gani, hilo hatuliandiki hapa, na msibadilishe kipimo kwa kusoma jarida hili. Mpelekee daktari tikiti yenyewe, akuandikie kwenye karatasi: saa hii dunga hivi, saa hii hivi. Saa ya mkononi ibaki kwenye wakati wa Kenya mpaka utakapofika. Pima sukari kila saa tatu au nne ukiwa macho. Kama hujui la kufanya, sukari iliyopanda kidogo kwa usiku mmoja ni afadhali kuliko iliyoshuka, lakini mtu wa aina ya kwanza asikae bila insulini kabisa, hata kama hana hamu ya kula.

Ukifika

Wanaokwenda India wasome hapa mara mbili. Insulini ya kwetu ina yuniti 100 kwa mililita. Huko India bado huuzwa pia chupa za yuniti 40 kwa mililita, na zina sindano zake, ambazo kwa kawaida kifuniko ni chekundu. Ya 100 ni rangi ya machungwa. Ukivuta insulini ya 40 kwa sindano ya 100, unapata chini ya nusu ya dawa yako. Ukivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40, unapata mara mbili na nusu, na hiyo inaweza kuua. Beba sindano zako, na ukinunua chupa soma namba kabla ya kulipa. Tunza boksi tupu la dawa ya nyumbani umwonyeshe mwenye duka, maana majina ya kampuni hubadilika kila nchi.

Marekani nayo mashine zao husoma sukari kwa kipimo kingine. Mama amezoea kuambiwa 7, sasa anasikia 126, anaanza kulia. Ni kitu kile kile. Gawanya namba yao kwa 18 upate ya kwetu.

Na baridi jamani. Minnesota mwezi wa Januari ukiacha insulini ndani ya gari unapoingia kanisani au dukani, utaikuta imeganda. Huko dawa hubebwa chini ya koti, karibu na mwili.

Kazi ya kikundi

Mwenyekiti achague mkutano mmoja, na mwenye kisukari alete dawa zake zote. Fungeni begi la safari pamoja, kisha mwanachama mmoja ajifanye mkaguzi wa uwanja wa ndege aulize maswali. Mtacheka, lakini mtaona nani anaweza kujieleza na nani anahitaji kuandikiwa kikaratasi cha Kiingereza cha kuvaa shingoni.

Jadilini: Nani kijijini ana friji, na umeme ukipotea tunafanyaje? Majina kwenye vitabu vyetu vya kliniki yanalingana na vitambulisho?

Hesabu: Mzee anadunga yuniti 26 asubuhi na 12 jioni. Anakwenda London siku 60. Abebe chupa ngapi za mililita 10? (Jibu: yuniti 2,280, yaani chupa 3, kabla ya kuongeza za akiba.)